Sura ya Tisa: Yule Anayekunja Sweta

Siku hiyo Mkasi alikuja kazini amesuka. Kwa mwanamke mwingine si habari, lakini huyu alishinda kwenye chumba cha giza akikata na kuunga picha za filamu, na aliyemtazama kutwa nzima ni kompyuta. Mlinzi wa getini aliziona zile nywele, akamtania, akamuuliza harusi ya nani. Mkasi alicheka tu, akapita. Moyoni alijibu kwamba harusi ipo, na mwenye harusi ni yeye.

Usimcheke. Hata wewe ungesuka. Kwa miaka saba alikuwa amependwa kwa siri na mwanamume ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kuta za mji mzima, na miaka yote saba aliambiwa angoje. Angoje filamu iishe. Angoje mzee, baba wa mwanamume huyo, apone. Angoje mzee azikwe, msiba upoe, mama atulie. Sasa kungoja kulikuwa kumepata mwisho, na mwisho wenyewe ulipangiwa saa. Saa tisa alasiri familia ingetazama onyesho la mwisho la filamu mpya, kipande cha kuifungia, na likishaisha, Wa Tatu angesimama mbele ya mama yake na baba yake mdogo, amshike Mkasi mkono, aseme huyu ndiye. Alikuwa amekula yamini.

Jina la Wa Tatu alipewa na magazeti ya burudani, likamganda. Babu yake ndiye aliyekuwa wa kwanza, aliyegeuza ghala la magunia kuwa studio, akaongoza filamu na kuziigiza mwenyewe. Baba yake akawa wa pili. Yeye aliingia kwenye skrini akiwa na wiki sita, kabebwa na mama yake katika onyesho la mvua, na mvua yenyewe ilitoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani. Wazee wa studio wanasema kilio cha mtoto pale si cha kuigiza. Alipofika miaka minane alicheza yatima, mji mzima ukamlilia, na mama yake yuko hai amekaa kiti cha mbele. Kwenye kumi na tisa wasichana walikata picha zake magazetini. Kwenye ishirini na sita akacheza filamu mbili mbovu mfululizo, na magazeti yenye sura yake yakafungiwa nyanya sokoni. Sasa alikuwa na thelathini na tano. Baba amekufa, studio iko mikononi mwake, na hii ilikuwa filamu ya kwanza kuiongoza yeye, huku akiigiza humo humo kama alivyofanya babu yake. Ikianguka, jina la ukoo nalo limeanguka.

Mkasi hakusimuliwa mambo hayo. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kusafisha filamu za zamani za familia zisiozee kwenye makopo, kwa hiyo alimwona Wa Tatu akiota meno, akivunja sauti, akinenepa, akikonda. Hakuna mtu duniani aliyeutazama uso ule kwa saa nyingi kuliko yeye. Alijua kwamba akiigiza huzuni humeza mate kwanza.

Kikwazo kilikuwa desturi ya nyumba ile. Babu alimwoa mwigizaji wa kike wa filamu yake ya kwanza. Baba naye hivyo hivyo, na aliyeolewa ndiye mama yake Wa Tatu, ambaye wafanyakazi humwita Malkia, mbele yake kwa sauti moja na nyuma yake kwa sauti nyingine. Kwenye ukumbi wa mapokezi picha za harusi zilitundikwa kando ya mabango ya filamu, na mgeni hushindwa kujua ipi ni harusi na ipi ni kazi. Pembeni paliachwa nafasi tupu, misumari imeshapigiliwa.

Na mwigizaji wa kike wa safari hii alikuwa Sabuni, binti mzuri, mwenye adabu zake, aliyeanzia kwenye matangazo ya sabuni ya kuogea. Magazeti yalishawaozesha yeye na Wa Tatu. Mkasi alipolalamika aliambiwa awaache waandike, kwa sababu inasaidia filamu. Aliwaacha waandike.

Utauliza alivumiliaje. Alivumilia kwa sababu moja tu: aliamini kwamba Wa Tatu haelewi. Alijiambia kwamba mtu aliyelelewa akitazamwa hana mazoea ya kutazama wengine. Haoni ninavyoumia, alisema, na siku akiona hatastahimili hata saa moja. Watu husema asiyekujua hakuthamini, na Mkasi aliulalia msemo huo kama mto.

Saa sita mpiga picha akaleta onyesho la mwisho. Lilikuwa limepigwa jana yake, milango ya seti imefungwa, na hata mswada wake Mkasi hakupewa. Wa Tatu alimwambia kwamba ni zawadi na kwamba atashtuka. Mpiga picha aliweka diski mezani, akawa anaangalia zulia. Alisema onyesho limerudiwa mara nane, kwa hiyo zimo teki nane, na kwenye teki ya sita hakuzima kamera baada ya bosi kusema kata. Alisema alisahau. Kisha akatoka upesi kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Mkasi akafungua teki ya kwanza.

Chumba kidogo, kitanda, dirisha. Sabuni amesimama na sweta la kizee lenye vifungo vikubwa. Wa Tatu yuko mlangoni, ndiye mpenzi aliyekuja kutoa pole. Sabuni analikunja sweta, analikunjua, analikunja tena. Anasema hataki pole, pole amepewa na watu wote. Anasema, "Msibani nilitaka mtu mmoja asimame upande wangu. Wewe ulinipa mkono kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji."

Mkasi akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

Maneno hayo ni yake. Aliyasema miaka miwili nyuma, siku tatu baada ya kumzika mama yake. Wa Tatu alikuja msibani na wafanyakazi wengine, akakaa walikokaa wakubwa, na zamu yake ilipofika akampa Mkasi mkono, akasema pole sana, akapisha foleni. Mkono huo huo ulikuwa umemlisha uji wiki nzima alipougua homa. Aliporudi nyumbani kwa Mkasi siku ya tatu, gari limeegeshwa mtaa wa pili, alimkuta akikunja nguo za mama, ndipo Mkasi akayasema. Hakuwahi kuyarudia mahali popote. Hata rafiki hakumwambia.

Alijikaza, akaendelea. Wewe ungezima, lakini mhariri hazimi kabla hajaona mwisho. Teki ya pili Sabuni akalia kupita kiasi. Ya tatu akasahau kufunga kifungo cha sweta. Ya nne, ya tano, machozi tu. Kwenye ya sita Wa Tatu akasema kata, akaingia katikati ya chumba, na kamera ikaendelea kutembea.

Akamwambia Sabuni, kwa upole kabisa, "Usilie. Yeye halii. Nipe hilo sweta."

Hapo Wa Tatu akageuka kuwa Mkasi. Sijui niseme vipi ili uelewe. Hakubana sauti wala hakurembua macho kama wanaume wanavyofanya wakiigiza wanawake. Alishusha bega la kushoto kidogo, kama lile la Mkasi lililolemaa kwa miaka ya kukaa upande mezani. Akavuta pumzi puani mara mbili. Akaanza na mikono ya sweta, kama Mkasi anavyoanza, kisha akaliinua kidogo na kunusa kola, mara moja, kwa haraka, kama mwizi.

Mkasi alilijua tendo hilo. Siku ile alinusa kola ya mama yake kwa kuiba, kwa sababu alidhani Wa Tatu yuko dirishani amempa mgongo, anaangalia kama kuna mtu ameliona gari lake. Kumbe alikuwa anamtazama yeye.

Wa Tatu alimaliza kuonyesha. Mtu mmoja wa seti akapiga makofi. Wa Tatu akatabasamu, akamrudishia Sabuni sweta, akaanza kumweleza, na mkono wake ulikuwa unapima hewani kama fundi anayeeleza nyumba. Alisema mwanamke huyu anaumia hadi kulia kunakuwa anasa. Anajua kwamba mwanamume wake atakula chakula cha jioni kwa mama yake, ataulizwa yuko wapi mchumba, naye atacheka. Analijua hilo, na bado Jumamosi atamfungulia mlango, atamuuliza kama ana njaa. Alisema, "Usimwonee huruma. Mwelewe tu."

Aliyaeleza yote, hakukosea hata nukta. Kila jambo ambalo Mkasi alimsamehe kwa kuwa halijui, alikuwa analijua, tena kwa mpangilio.

Mkasi alikuwa ameshazimaliza ya saba na ya nane mlango wa chumba chake ulipofunguliwa, naye Wa Tatu mwenyewe akaingia anang'aa, amevaa koti jipya. Akavuta kiti, akamwekea mkono begani, begani pale pale, akauliza kama ameiona. Mkasi akairudisha hadi teki ya sita. Alisimamisha picha kwenye sura ya Wa Tatu akinusa kola, akaacha waitazame wote wawili. Wa Tatu alifurahi. Alisema alijua atashtuka. Alisema hajawahi kumpa mwanamke kitu kikubwa kama hicho, na sasa hata wakioana watu wataelewa ni kwa nini.

Kabla Mkasi hajamjibu, mlango ukafunguliwa tena. Malkia hakuweza kungoja saa tisa. Aliingia taratibu, miwani mkononi, manukato yake yakamtangulia, na wote wawili wakasimama. Alikuwa na miaka sabini na bado aliingia chumbani kama mtu anayejua taa iko wapi. Akakaa kwenye kiti cha Mkasi, akavaa miwani, akaangalia skrini, akasema, "Mwache huyo atembee."

Mkasi akabonyeza. Malkia alitazama mwanawe akikunja, akikunjua, akinusa, na hakupepesa jicho. Mwisho akavua miwani.

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi, mama," Wa Tatu akacheka kidogo. "Namwonyesha Sabuni."

"Wewe nakujua, nimekuzaa. Nauliza unayemwigiza ni nani. Nimefanya kazi hii miaka arobaini, mwanangu. Maneno mtu anaweza kutunga. Bega halitungwi."

Chumba kilikuwa kidogo. Watu watatu, meza, kompyuta na feni. Mkasi alisimama hatua moja kutoka kwa Wa Tatu, nywele zimesukwa, bega la kushoto limeshuka lilivyo siku zote. Hakuna mwanamume aliyewahi kurahisishiwa kazi namna ile. Ilibaki neno moja tu, na neno lenyewe mama ndiye aliyemwekea mdomoni.

Wa Tatu akameza mate.

"Nimemtunga, mama."

Malkia akavaa miwani tena. Kisha akamtazama Mkasi, akaanzia kwenye nywele akashuka. Akasema haya, wao watangoja mapokezini, baba mdogo ameshafika. Akaondoka bila kufunga mlango, Mkasi akaenda kuufunga.

"Ungetaka niseme nini?" Wa Tatu alianza yeye, kwa sauti ya chini. "Amenivamia. Nilipanga saa tisa, watu wametulia, nimejiandaa. Huwezi kumwambia mama jambo kama hili juu juu tu."

"Umejiandaa miaka saba."

"Unajua nilivyo na mama."

"Najua. Na wewe unajua nilivyo mimi. Nimeona." Alielekeza kidole kwenye skrini. "Unanijua kuliko mama yangu alivyonijua. Hadi pumzi umezihesabu."

"Basi furahi. Wanaume wangapi wanawaona wake zao hivyo? Nimekutukuza. Watu wataingia sinemani mji mzima wakulilie."

"Watamlilia Sabuni," Mkasi alisema. "Mimi nitakuwa nyuma ya mlango, kama kawaida."

Wa Tatu akasema anayakuza mambo. Akasema kila msanii huchota nyumbani, hata baba yake alichota, hata babu. Mkasi alimwacha amalize. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya kupiga kelele.

"Nikuambie ulichonifanyia?" alisema. "Miaka yote hii nilikuwa na kisingizio chako. Nikilia usiku nasema hajui. Siku ya msiba ulipopisha foleni, nilisema hajui, laiti angejua. Nimekutetea kwa nafsi yangu hadi nafsi imechoka. Leo ndio naona ulikuwa umekaa pale unanisoma. Niliumia mbele yako, ukachukua bega, ukachukua pumzi, ukachukua na kola ya mama yangu. Mimi ukaniacha."

Wa Tatu akavuta kiti. Akaketi. Uso wake, ambao Mkasi aliujua kwa kila mwanga, ulijikunja vibaya, bila mpangilio, pua ikatoka kamasi, na hakumeza kitu. Machozi yakamwagika kwenye koti jipya. Mkasi aliyatazama kwa jicho lake la kazi, akitafuta uongo ulipo, akaukosa. Yalikuwa ya kweli. Mtu mzima analia kama aliyemwagiwa maji, na Mkasi angekuwa amemchukia kabisa ingekuwa rahisi.

"Ni woga," Wa Tatu alisema. "Sina jina jingine. Tangu mtoto mimi husubiri mtu aniambie nimefanya vizuri. Nikimwudhi mama sijui mimi ni nani. Lakini sasa twende. Sio saa tisa, sasa hivi. Nishike mkono."

Ewe moyo wa mwanamke. Alimshika. Baada ya yote yale, alimshika, kwa sababu alikuwa ameona machozi ya kweli, na alikuwa ameyangoja kuliko pete. Wakatoka pamoja, wakapita korido ndefu yenye nyaya na masanduku ya taa. Seremala wa seti aliwaona, akashusha nyundo. Wa Tatu hakuuachia mkono. Mkasi alihisi kidole gumba chake kikimpapasa, akaanza kufikiri ujinga: amwite Malkia mama au mama mkwe, asimame au apige magoti, akicheka ataonekana hana haya.

Walipofika kwenye mlango wa kioo wa mapokezi, Malkia alionekana kwa ndani, ameketi kati ya baba mdogo na Sabuni. Wa Tatu akauachia mkono ili afungue mlango. Mlango husukumwa kwa mkono mmoja, naye alikuwa na miwili. Alipoingia akaitumia yote kufunga vifungo vya koti.

"Mama, baba mdogo," alisema, na ile sauti yake ya jukwaani ikajaa ukumbi. Akageuka, akamwona Mkasi, akamwona mama yake. Akameza mate. "Mhariri wetu amefanya kazi kubwa. Nilitaka mumpongeze kabla hatujatazama."

Baba mdogo, mtu mwema asiyejua kitu, akapiga makofi. Sabuni naye akapiga, halafu macho yake yakaanguka kwenye bega la Mkasi, akakatiza makofi.

Mkasi alisimama pale. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, lakini haikuwa aibu yake, na hilo lilimshangaza. Ilikuwa ya yule aliyesimama na koti limefungwa vifungo vyote vitatu. Alimwonea haya kama unavyomwonea mtu aliyechanikiwa nguo hadharani.

"Asanteni," alisema. "Onyesho liko tayari, teki ya nane ndiyo nzuri, itumieni hiyo. Mimi sitaendelea na kazi hapa." Akamgeukia Malkia. "Mama, uliuliza yule ni nani. Hakutungwa. Ni mimi. Na aliyefiwa ni mama yangu mimi."

Wa Tatu alikuwa anaangalia sakafu kama anayetafuta alama ya mahali pa kusimama.

Malkia akaweka miwani mapajani.

"Najua, binti," alisema. "Nimejua tangu siku ya msiba wenu. Nilikuwa ndani ya gari, nikamwona mwanangu anakupa mkono kama hakujui. Mtu asiyekujua huwa hajitahidi hivyo." Akakunja miwani. "Nikasema nitangoja aje aniambie mwenyewe. Ningekataa wiki mbili, hilo lazima, mimi ni mama yake. Kisha ningekubali. Kila Jumapili nimekaa naye mezani nikangoja aseme. Hata leo mle ndani nilimfungulia mlango."

Wa Tatu akainua uso. Alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mkasi, na alionekana kama mtoto aliyeambiwa kwamba chumba alichoogopa kuingia miaka yote kilikuwa kitupu.

"Basi tulikuwa wawili tunaongoja, mama," Mkasi alisema.

"Tulikuwa wawili," Malkia akajibu.

Mkasi akainamisha kichwa kwa heshima, kwa yule mwanamke ambaye angemwita mama mkwe, akasukuma mlango wa kioo, akatoka. Alikuwa amefika katikati ya ua Wa Tatu alipoita. Hakumwita mhariri wala Mkasi. Alimwita jina lake lenyewe, lile alilopewa na mama yake, ambalo Wa Tatu hakuwahi kulitamka nje ya chumba kilichofungwa. Akaliita tena, na safari hii akaongeza kwamba anampenda, kwa sauti iliyosikika hadi getini, mbele ya mama, mbele ya baba mdogo, mbele ya mafundi waliotoka kuchungulia. Mlinzi aliinuka kitini.

Miaka saba Mkasi alitaka kuisikia sauti hiyo. Ilikuwa ya kweli kabisa, na hakugeuka. Alifungua geti mwenyewe, akaingia barabarani kwenye jua kali, akalia wazi wazi njia nzima, watu wakimpisha na kumtazama, naye hakujifuta.